Mwalimu Rahila na Rasimu ya Tano

Mwalimu Rahila Kificho hakuwa na kalamu nyekundu. Alisahihisha kwa penseli, na juu ya kila rasimu ya kwanza ya wanafunzi wake wa Kidato cha Tatu aliandika neno moja tu: Hodi. Hakutoa alama wala hakupiga mstari popote. Mwanafunzi mgeni akidhani ni mzaha alikwenda mezani kwake kuuliza, naye alimjibu huku akimenya chungwa lake la saa nne.

"Umepiga hodi, baba. Salamu umetoa, hali umeuliza, mvua umeisifu. Sasa ingia ndani utwambie ulichokijia."

Kila Mpemba anaielewa hiyo. Kwetu mtu anaweza kuja kukwambia kwamba nyumba yako inaungua, akaanza kwanza na afya ya watoto.

Meza yangu ilikuwa ya pili kutoka kwake. Nilikuwa ndio kwanza nimetoka chuo kikuu, nimepokelewa kuwa mwalimu wa kujitolea katika skuli hiyo, nje kidogo ya mji wa Chake Chake. Nilikuja na nadharia nyingi za uandishi. Yeye hakuwa na hata moja, au kama alikuwa nayo hakuipa jina, lakini wanafunzi wake walikuwa wakiandika mambo ambayo mimi sikuwahi kuyaona katika daftari la mtoto wa skuli: habari za maisha yao wenyewe, zilizoandikwa tena na tena mpaka zikakaa. Nimeona inafaa maisha yake yaandikwe na mtu aliyekaa karibu naye, na nimejitahidi kuyaandika kama alivyofundisha.

Alizaliwa Makoongwe, kile kisiwa kidogo kilicho mbele ya Mkoani. Baba yake, Mzee Kificho, alikuwa mvuvi wa kutega madema, mitego ya samaki ya kusuka. Rahila alisoma, akafaulu, akapelekwa chuo cha ualimu Unguja, na huko ndiko alikojua kuwa ana lafudhi. Akisema sentensi, nusu ya bweni waliirudia kwa wimbo wake wa Kipemba na kuanguka kicheko.

"Nikajifunza kuisema kila sentensi mara mbili," aliniambia. "Moja kichwani, kama tusemavyo kwetu. Ya pili mdomoni, kwa Kiswahili cha skuli. Ya kwanza ndiyo iliyokuwa ya kweli. Ya pili ndiyo iliyopata alama."

Nadhani ufundishaji wake wote ulitoka hapo. Kabla mwanafunzi hajaandika rasimu ya pili, ilimlazimu amsimulie jirani yake wa dawati, kwa Kipemba, kama vile yuko uani kwao. Jirani alifumba macho. Pale alipoacha kuona, aliinua mkono, na msimuliaji aliweka alama mahali hapo. Darasa zima lilivuma kama soko, mwalimu mkuu akipita alidhani hakuna mwalimu ndani. Kisha waliandika. Kisha Mwalimu Rahila aliuliza pembeni kwa penseli: Ulikuwepo? Alikuwa amekaa wapi? Alisema maneno gani, si maana yake, maneno yenyewe? Baada ya hapo kulikuwa na kukata. Kila neno lilitakiwa lijibu liko pale kwa kazi gani, na lisilo na kazi liende zake.

"Na ukikata, ushone," alisema. "Msomaji akiuona mshono, atashughulika na mshono, aiwache nguo."

Mfano aliowapa ulikuwa wake mwenyewe. Alipokuwa kijana aliolewa Wete, akakaa miaka bila ya mtoto, akapewa talaka. Rasimu yake ya kwanza ya habari hiyo aliibandika ukutani, na ilianza hivi: Nilirudi kwa wazazi wangu nikiwa na huzuni kubwa isiyo kifani. Pembeni yake alibandika rasimu ya sita. Hapo hapakuwa na huzuni iliyotajwa kwa jina. Palikuwa na Mzee Kificho amejitwika godoro la bintiye mchana kweupe, anakatiza nalo kijijini Makoongwe kutoka pwani hadi nyumbani, na kila aliyemuuliza godoro hilo la nani alimjibu bila kupunguza mwendo: "La mwanangu. Kachoka kulala kwa watu, kaja kulala kwao."

Wanafunzi waliipenda sana. Walikuwa wakimwigiza mzee huyo na mabegi yao vichwani.

Lakini kulikuwa na hatua moja ya mwisho, na hiyo sikuikuta katika kitabu chochote. Aliiita radhi. Mwalimu Rahila alikuwa mcha Mungu, na jambo hili la kuandika habari za watu lilimtia hofu. Kumsema mtu kwa neno ambalo angechukia kulisikia, na yeye hayupo, ni kusengenya. Kumwandika ni hivyo hivyo. Kwa hiyo alitunga kanuni: kila aliye hai aliyetajwa katika insha lazima asomewe, kwa sauti, na mwandishi mwenyewe, uso kwa uso, na atoe radhi yake. Akishasomewa, huwezi kusema ulimsema kwa nyuma. Yeye mwenyewe alivuka kwenda Makoongwe kumsomea baba yake habari ya godoro.

"Akasemaje?" nilimuuliza.

"Akasema nimesahau kuandika kuwa lilikuwa limerowa. Akasema, 'Watu watadhani nilibeba godoro kavu. Lile zito lilinivunja shingo, na wewe wanipa sifa ya pamba.' Nikatia mvua."

Alicheka alipokuwa akinisimulia. Mzee alikuwa bado hai wakati huo.

Katika darasa hilo alikuwemo Shamima, binti mrefu, mkimya, aliyekaa upande wa dirishani na kuandika kwa hati ndogo iliyonyooka. Baba yake, Bwana Hamzah, ana duka la vifaa vya ujenzi na ni mjumbe wa kamati ya skuli. Dada yake Shamima, Buthaina, aliolewa Chokocho na akafariki katika uzazi mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyaeleza. Shamima aliandika habari zake.

Rasimu ya kwanza ilikuwa hivi: Dada yangu Buthaina alikuwa mpole, mcheshi na mwenye subira. Aliwapenda wakubwa na wadogo. Mwaka jana alifariki dunia kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, akatuachia majonzi makubwa.

Mwalimu Rahila aliandika Hodi. Baada ya kufikiri kidogo, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa rasimu ya kwanza, alichora mstari mwembamba chini ya neno subira na kuuliza pembeni: Alisubiri nini?

Rasimu ya pili ilichelewa. Ilipokuja ilikuwa na mlango. Ya tatu ilikuwa na mlango na kufuli. Wiki iliyofuata Shamima alisimama mbele ya darasa kusoma rasimu ya nne, na rafiki yake Laila akafumba macho kama kawaida, mkono wake umekaa tayari juu ya dawati. Nilikuwepo, nimekaa nyuma.

"Dada alikuja Jumatano, baada ya adhuhuri," alisoma Shamima. "Hakupitia mbele. Alisimama kwenye mlango wa uani, mguu mmoja ndani na mmoja nje, ameshika mfuko wa nguo. Tumbo lilikuwa limeshatokeza. Alisema, Baba, ananifungia mlango kwa nje. Akitoka asubuhi anatia kufuli mpaka arudi. Miye sirejei. Baba alimwambia ale kwanza. Akala muhogo, na alikuwa anakula kwa haraka. Alipomaliza, baba alisema huo ni wivu, ndiyo mapenzi ya mwanzo hayo. Akamvalisha kofia ngumu, akampakia kwenye pikipiki, akamrejesha kabla ya Magharibi, watu wasije kusema amelala kwao. Siku ya uchungu kufuli lilikuwepo mlangoni. Majirani walimsikia, wakatoka kumtafuta mwenye ufunguo. Mpaka alipopatikana, dada alikuwa ameacha kuita."

Mkono wa Laila haukuinuka. Alipofumbua macho yalikuwa yamejaa maji, na wale wavulana wa nyuma, ambao hawana wanachokiheshimu, walikuwa wameinamia madawati yao.

Baada ya kipindi Shamima alitufuata mezani.

"Mwalimu, hii itaingia kwenye kitabu?"

Skuli ilikuwa inatayarisha kijitabu cha insha bora, kisomwe siku ya wazazi.

"Ya kwanza kabisa," alisema Mwalimu Rahila.

"Nataka wasikie. Pale hitimani kwake kila mtu alikuwa akisema, laiti angelisema tu, maskini, laiti angelisema." Alikuwa akikunja pembe ya karatasi na kuikunjua. "Alisema, Mwalimu. Miye nilikuwepo, nachambua mchele. Nataka wajue alikuja."

"Watajua. Bado radhi tu."

Shamima alimtazama. "Lazima?"

"Kwa baba, lazima. Kwa yule mume, nitakwenda nawe, usiogope."

"Na akikataa? Baba?"

"Mtu hukataa akisikia kwa watu. Akisikia kwa mwanawe, atalia."

Alisema hivyo kwa yakini kabisa. Mtoto alipotoka nilimuuliza kama hakuona afadhali amsamehe huyu mmoja kanuni hiyo. Alinijibu, bila ukali, kwamba akimsamehe huyu atakuwa amewafundisha wote kusengenya kwa hati nzuri. Nakiri kuwa hoja yake ilinivutia. Sote wawili tulikuwa tunamfikiria Mzee Kificho.

Bwana Hamzah alikuja skuli siku ya tatu yake, baada ya sala ya adhuhuri, kanzu imepigwa pasi, rasimu imekunjwa mara mbili katika mfuko wa kifuani. Sauti yake ya hodi ilikuwa ya mtu aliyekuja kuposa.

"Assalamu alaykum, walimu wetu. Hamjambo? Za kazi? Watoto hawawasumbui?"

"Alhamdulillahi, karibu, karibu Bwana Hamzah."

"Mwalimu Rahila, mzee Makoongwe hajambo? Maana nasikia ana shingo."

Alikuwa ameshasimuliwa na mwanawe habari ya godoro na shingo yake. Mwalimu Rahila alicheka, na nikaona mabega yake yanashuka, alidhani limekwisha. Alimvutia kiti. Bwana Hamzah aliikunjua ile rasimu juu ya meza. Ilikuwa na alama za penseli, nyingi, kwa mkono usio wa Shamima wala wa Mwalimu.

"Mwanangu kanisomea," alisema. "Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia tena. Hamna neno la uongo humu, Mwalimu, tuanze hapo."

"Mungu akujaze kheri kwa kulisema hilo."

"Amin. Nimemuuliza mnakatakata vipi, akanieleza yote. Neno lisilo na kazi liende zake. Nimeipenda hiyo, hata dukani ningeitumia." Akaweka kidole kwenye mstari. "Sasa hili hapa. Ananifungia mlango kwa nje. Lina kazi gani?"

"Linaonyesha alikuja na kwa nini alikuja."

"Basi nitolee hilo. Alikuja, sawa. Binti huja kwao. Kwa nini, litoke."

"Likitoka hilo, Bwana Hamzah, hakuna insha."

"Itakuwepo. Mtashona." Hakuwa anafanya dhihaka. Alikuwa kama fundi anayezungumza na fundi. "Mwalimu, siku ile nilimpakia nyuma, akanishika kiunoni. Njia nzima mpaka Chokocho hakusema kitu. Nilidhani amekubali. Mpaka leo nikipanda pikipiki naihisi ile mikono."

Mwalimu Rahila aliinama mbele. Kwa muda alisahau kuwa anazungumza na mjumbe wa kamati. Alikuwa amesikia kile alichokuwa akikitafuta kwa wanafunzi wake wote.

"Hiyo iandikwe," alisema. "Shamima hakuijua. Mwambie aiandike kama ulivyonambia sasa hivi. Hiyo ndiyo insha yenyewe, na hakuna atakayekulaumu akiisoma hiyo."

Bwana Hamzah alimtazama, na mimi niliyekuwa nikijifanya nasahihisha niliona kwamba alikaribia kukubali. Kisha akaikunja karatasi.

"Wewe wataka watu walie, Mwalimu. Miye nataka wanijibu salamu. Nina binti wengine wawili nyumbani. Marehemu ana sitara yake. Yule bwana ana ndugu, ni watu tunaouziana saruji." Akasimama. "Radhi natoa, isije ikasemwa nimeikataa. Natoa kwa hiyo itakayokuja."

"Radhi haina sharti, Bwana Hamzah. Baba yangu hakunipa sharti."

"Baba yako alibeba godoro," alisema Bwana Hamzah kwa upole. "Nani angekunyima radhi kwa hilo? Ungelimwandika amekwambia rudi kwa mumeo, ndipo ungelijua kama ana radhi ya bure."

Akatuaga mmoja mmoja, akaulizia hali ya mama yangu ambaye hamjui, akaondoka.

Mwalimu Rahila alikaa pale pale, hata kengele ilipolia. Nilidhani amekasirika. Baadaye sana alisema, "Kasema kweli," na sikumuuliza kweli ipi.

Hakukubali mara moja. Alimwendea mwalimu mkuu, Mwalimu Ashraf, akamwomba insha ya Shamima isomwe kama ilivyo au isisomwe kabisa. Mwalimu Ashraf si mtu mbaya. Alikuwa na madarasa mawili yasiyo na mapaa, na saruji na mabati ya kumalizia mojawapo yalikuwa yameahidiwa. Kila mtu alijua na duka gani.

"Mwalimu Rahila, kwani radhi si kanuni yako?"

"Ni yangu."

"Bwana Hamzah kaifuata kanuni yako. Mtoto wake kamsomea, kasikiliza, kasema lake. Sasa wataka mimi niivunje kanuni uliyoiweka wewe?"

Alirudi mezani, akamwita Shamima, akamwambia kwamba halazimiki. Rasimu ya nne anaweza kuiomba kwa baba yake, aiweke, asubiri, siku moja ataitoa akiwa mtu mzima. Shamima alisikiliza akiwa amesimama.

"Baba keshanambia niandike nyingine. Tunakaa naye baada ya laasiri, miye na yeye. Ananiuliza maswali."

"Maswali gani?"

"Kama yako, Mwalimu. Alivaa nini. Alikuwa amekaa wapi. Mlikula nini."

Siku ya wazazi uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume upande mmoja wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanawake upande wa pili kwenye mikeka, na kijitabu kilikuwa kimechapishwa kwa karatasi nzuri. Shamima alisoma wa mwisho. Mwalimu Rahila alikaa karibu nami, miwani imevaliwa, kijitabu kimefunguliwa mapajani, kidole juu ya mstari wa kwanza.

Dada alikuja Jumatano, baada ya adhuhuri. Hakupitia mbele. Alisimama kwenye mlango wa uani, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akicheka, ameshika mfuko ambao ndani yake mlikuwa na mkate wa kumimina aliomletea baba. Tumbo lilikuwa limeshatokeza. Baba alimwambia ale kwanza. Akala muhogo kwa haraka, kama alivyokuwa akila tangu mdogo. Jua lilipopungua baba alimvalisha kofia ngumu ili asije akadhurika yeye na aliyemo tumboni, akampakia kwenye pikipiki. Dada alimshika baba kiunoni, njia nzima mpaka Chokocho, na hakusema kitu, kwa sababu baina yao hapakuwa na haja ya kusema. Mpaka leo baba akipanda pikipiki anaihisi ile mikono.

Hapakuwa na kufuli. Pale palipokuwa na majirani palikuwa na kudra ya Mwenyezi Mungu, imewekwa mwisho, peke yake, katika sentensi fupi.

Nilimwona Mwalimu Rahila anaufuata kila mstari kwa kidole, taratibu, kama mtu anayepapasa kanzu kutafuta palipotiwa kiraka. Alifika mwisho, akarudi juu, akashuka tena. Hakukipata. Sentensi zilikuwa zimeshikana moja kwa moja. Kila neno lilikuwa na kazi.

Wanawake walikuwa wanalia. Bi mmoja mbele yetu alijifuta kwa pembe ya ushungi, akamwambia mwenziwe, "Na vile alivyokuwa na mapenzi na babake, maskini," na mwenziwe akajibu, "Laiti angelikuwa na maradhi akasema, si wangemtibu." Bwana Hamzah alikuwa akilia pia, wazi, bila kuona haya, na sina shaka hata kidogo kuwa machozi yake yalikuwa ya kweli. Watu waliinuka kumpa mkono. Aliitikiwa salamu na kila mtu.

Jumatatu Shamima alileta daftari kwa ajili ya alama, kwa sababu insha ilikuwa pia ni ya mtihani wa ndani. Walimu wengine walikuwa chai. Mwalimu Rahila alilifungua, akalitazama, akaandika ishirini juu ya ishirini. Hakuwahi kumpa mwanafunzi yeyote alama zote. Alikuwa akisema ishirini ni ya waliokufa, aliye hai hakosi la kusahihisha.

Shamima aliiona, hakutabasamu.

"Mwalimu, ile ya nne unayo?"

"Anayo baba yako. Aliondoka nayo."

"Nimeitafuta. Kasema haipo."

"Haidhuru," alisema Mwalimu Rahila, na alijitahidi kuifanya sauti yake iwe nyepesi. "Karatasi tu hiyo. Wewe unayo kichwani, ulikuwepo. Hebu nisimulie sasa hivi, kwa Kipemba, kama tulivyofanya. Nitafumba macho."

Akafumba. Shamima alisimama mbele ya meza, mikono imeshika kiti.

"Dada kaja Jumatano," alianza. "Kaja kasimama mlangoni, uani. Mguu mmoja ndani. Kashika mfuko. Ndani ya mfuko mna..." Akaanza tena. "Kashika mfuko. Akamwambia baba. Akasema, baba..."

Mwalimu Rahila alikuwa bado amefumba macho, na mkono wake ulikuwa mezani, haujainuka.

"Nausikia mkate," alisema Shamima. "Nakuwa nausikia harufu yake, Mwalimu, na hakukuwa na mkate. Tumeuandika miye na baba. Sasa nikitaka kumuona vile alivyokuwa, namuona anacheka." Sauti yake haikupanda. "Hakucheka, si ndiyo? Wewe uliisoma ile. Hakucheka."

"Hakucheka," alisema Mwalimu Rahila.

"Uso wake ulikuwaje?"

Katika rasimu ya nne uso haukutajwa. Mwalimu Rahila aliulizia maneno, mlango, mguu na mfuko, akaridhika. Alifumbua macho. Shamima alichukua daftari lake lenye ishirini juu ya ishirini, akashukuru kwa adabu kama walivyofundishwa, akaenda darasani.

Mzee Kificho alifariki mwaka huo huo, msimu wa mchoo, zile mvua za katikati ya mwaka. Hitimani Makoongwe watu walilisimulia godoro mpaka likawa magodoro mawili, na Mwalimu Rahila alikaa na wanawake wenziwe akiitikia dua, hakusahihisha kitu. Mimi nilipata ajira ya kudumu muhula uliofuata, katika skuli ile ile, nikahamishiwa meza iliyo mkabala na yake. Darasa moja lina paa sasa. Rasimu ya kwanza na ya sita za godoro zilibanduliwa ukutani wakati wa kupaka chokaa, hazikurudishwa.

Bado anafundisha Kidato cha Tatu, na bado anamenya chungwa lake saa nne. Juzi waliandika insha za maisha yao, na rundo la rasimu za kwanza lilikuwa mbele yake. Nilimwona akisoma ya mtoto mmoja aliyefiwa na mama, mama mpole, mcheshi, mwenye subira, aliyefariki kwa kudra ya Mwenyezi Mungu. Penseli yake ilisimama juu ya neno subira kwa muda. Kisha akageuza karatasi, akaandika Vizuri, akavuta nyingine.